Kijiji cha Pwani kisicho na bahari, na watoto wetu wenye vipaji

Huko Njoro, Kaunti ya Nakuru, kuna kijiji kinachoitwa Pwani. Hakina bahari wala mnazi, na ukame hukipitia mara kwa mara. Nilipolisikia jina hilo mwaka 2019 nilicheka kama atakavyocheka mtu yeyote wa Mombasa. Kisha nikasoma habari za shule yake, kicheko kikanikatika.

Shule yenyewe ni Keriko, sekondari ya kutwa ya mseto. Machi 2019 mwalimu wake wa sayansi na hisabati, Bradha Peter Tabichi, alitunukiwa Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Wakati huo shule ilikuwa na kompyuta moja, na karibu thuluthi ya wanafunzi wake walikuwa mayatima au wa mzazi mmoja. Wengi tulisifu, tukasambaza picha, tukasahau. Swali la maana hatukuliuliza: wale watoto walitoka wapi?

Katika kaunti hiyo hiyo kuna shule za kitaifa, ya wavulana na ya wasichana, mjini Nakuru. Shule ya kutwa ya kijijini hupokea waliobaki baada ya hizo kubwa kujichagulia. Basi ni hao waliobaki waliotengeneza chombo cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu, wakafuzu kwenda mashindano ya kimataifa ya sayansi Arizona, Marekani. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 walijiunga na vyuo. Mwaka uliofuata wakawa 26. Tabichi alianzisha chama cha kukuza vipaji na kukipanua kile cha sayansi, na yeye na wenzake wanne wakawa wanawasomesha wikendi wale waliokuwa nyuma, yeye akiwafuata hadi majumbani. Maana yake mtihani wa darasa la nane haukuwa umeviona vipaji hivyo. Vilionekana kwa sababu mtu alikaa karibu navyo.

Lakini tusijidanganye. Mwalimu huyo alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa maskini, na sera ya nchi haiwezi kujengwa juu ya sadaka ya mtu mmoja.

Sheria tunayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawahesabu wanafunzi wenye vipawa vya pekee miongoni mwa watoto wenye mahitaji maalum, pamoja na wenye ulemavu. Wazazi wengi hawalijui hilo, na sidhani walimu wakuu wote wanalijua. Vituo vya kutathmini mahitaji maalum vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yake imekuwa ulemavu, jambo ambalo ni haki na bado halijatosha. Ila mtoto anayemaliza hesabu za muhula mzima kwa wiki mbili, kisha anaanza utundu kwa kuchoka kungoja, huyo hapelekwi kituoni. Huyo huchapwa.

Kwake yeye serikali ina chombo kimoja tu: mtihani, kisha kumhamisha. KCPE ilikwisha mwaka 2023, na Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia Gredi ya 10. Alama zao zilikusanywa hivi: asilimia 60 mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 20 ule wa Gredi ya 6, na asilimia 20 tathmini za shuleni. Hiyo 20 ya mwisho naipenda, kwa kuwa ndiyo peke yake inayotoka kwa mtu anayemjua mtoto. Lakini mwalimu mwenye watoto 60 mbele yake atamjua nani? Na baada ya hapo mwendo ni ule ule: mwenye alama za juu aende bweni la mbali, ambako karo ya shule za kitaifa inapita shilingi 50,000 kwa mwaka. Asiyezipata anabaki shule ya kutwa, akiambiwa achague mkondo wa sayansi mahali pasipo na maabara.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa Pwani tumekulia kwenye utaratibu mwingine. Chuoni, kila mtoto husoma pale alipofika. Aliyemaliza Juzuu Amma hangoji wenzake. Maalim humsikiliza peke yake, akamsogeza mbele, na mara nyingi akamtuma awasomeshe wadogo. Aliye mzito naye ana zamu yake. Sisemi chuo hakina kasoro, kiboko chake nakikumbuka mpaka leo. Lakini mtoto wa miaka kumi aliyehifadhi juzuu kumi ni mwenye kipaji kwa kipimo chochote, na shuleni asubuhi hakuna anayejua.

Katika riadha Bonde la Ufa wameshalielewa hili. Bradha Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha, na akawalea wakimbiaji akiwatazama uwanjani siku baada ya siku, mmoja wao David Rudisha. Kwa hisabati bado tunasubiri karatasi ya matokeo.

Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari umewekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na shule zinalia kuwa unachelewa. Sitaraji kipaji kitengewe fungu kubwa humo. Ila basari za NG-CDF ziko, na tumezoea kuziona zikifuata karo za mabweni. Wabunge wetu wa Kwale, Kilifi na Tana River waulizwe mwaka huu: katika shule za kutwa za eneobunge lako, ni ngapi zina chama cha sayansi kinachokutana kila wiki, na mwalimu anayekisimamia hupewa nini kwa Jumamosi zake?