Motokaa Yenye Nguvu na Magoti Dhaifu



Siku ya Jumamosi, ukisimama karibu na Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, katikati ya mji wetu wa Lubumbashi, huna budi kuona msafara wa arusi. Motokaa nyingi katika msafara huo ni za Kijapani, nazo zafanana kama mayai ya kuku mmoja. Lakini mara moja moja hutangulia motokaa ya kizamani ya Kimarekani, ndefu ya pua, iliyong'arishwa hata ukaweza kuutazama uso wako ndani yake. Hapo watoto humsahau bibi arusi, wakaikimbilia motokaa.

Juma hili swali limetoka kwa kijana wa komini yetu ya Lubumbashi. Yeye na mjomba wake wanayo Ford Mustang ya mwaka 1966, nao wataka kuikodisha kwa arusi. Fedha wamezikusanya kidogo kidogo. Kijana ataka kuzitumia kwa kabureta kubwa na bomba jipya la moshi, ili injini ipate nguvu zaidi. Mjomba wake, fundi wa miaka mingi, akataa. Asema, "Mwanangu, hatuongezi mbio kwa mnyama asiyeweza kugeuka." Tangu hapo hawasemezani vizuri. Kijana atuuliza: Nani mwenye haki?

Nitajibu bila kuzunguka: mjomba ndiye mwenye haki. Lakini haifai kumwambia mtu "umekosa" bila kumwonyesha sababu.

KICHWA KIZITO

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kutia injini kubwa za silinda 8 katika motokaa za bei ya kadiri, zipendwe na vijana. Wengi huihesabu Pontiac GTO ya mwaka 1964 kuwa ya kwanza katika jamii hiyo. Mustang ilionyeshwa New York tarehe 17 Aprili 1964, ikanunuliwa kwa wingi wa ajabu. Lakini sehemu zake za chini hazikuwa mpya. Nyingi zilitoka katika Ford Falcon, motokaa ya kawaida ya jamaa, iliyoanza kuuzwa kwa mwaka wa 1960 ikiwa na injini ndogo ya silinda 6. Hivyo, aliyenunua Mustang yenye silinda 8 alipata injini ya chuma yenye uzito wa kilo 200 na zaidi, imewekwa juu ya miguu iliyofanyizwa kwa mzigo mwepesi.

Katika njia iliyonyoka hutaona kosa lolote. Kosa huonekana katika kona.

GURUDUMU LASHIKWAJE?

Gurudumu la mbele la motokaa hii lashikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini. Upande wa ndani, mikono imefungwa kwenye mwili wa motokaa kwa bushi, ili iweze kupanda na kushuka. Upande wa nje, kila mkono una kifundo cha tufe la chuma, ambacho mafundi wetu hukiita rotuli. Juu ya mkono wa juu hukaa resori (jirani zetu wa Tanzania husema springi), na kati ya resori hukaa amotisa, wao wasema shokapu. Resori hubeba uzito. Amotisa haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza resori isirukeruke, nayo hugeuza mrusho ule kuwa joto.

Sasa fikiri juu ya tairi. Sehemu igusayo barabara si kubwa kuliko kiganja cha mkono wa mtu mzima. Viganja vinne hivyo ndivyo vyote viwashikavyo abiria wasiangukie mtaroni. Motokaa ikikata kona, mwili wake hulala upande wa nje, na gurudumu la nje hubeba karibu uzito wote wa mbele. Ndipo linapotakiwa kusimama sawasawa juu ya unyayo wake. Lakini katika Mustang ya kawaida, mkono wa juu umeelekea chini upande wa nje. Mwili unapolala na gurudumu kupanda, mkono huo kwanza husukuma kichwa cha gurudumu kwenda nje. Tairi huacha kukanyaga kwa unyayo, likakanyaga kwa ukingo, kama mtu akimbiaye kwa ubavu wa kiatu. Basi tairi hulia, usukani wageuzwa lakini pua yaendelea mbele, na dereva, akiona hivyo, huzidi kuuzungusha bila faida.

Ongeza nguvu za injini katika hali hiyo, nawe umeifikia hatari mapema zaidi tu.

INCHI MOJA

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Mhandisi wa Ford, jina lake Klaus Arning, alipima mwendo wa mikono ile akagundua dawa yake. Dawa ilitumiwa na Carroll Shelby, mtu wa Texas aliyekuwa ameshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1959, kisha akaacha kukimbia kwa sababu ya moyo wake. Katika karakana yake huko California alitengeneza Mustang za mashindano zilizoitwa GT350, tangu mwaka 1965. Mafundi wake walifanya nini? Kila upande walitoboa matundu mawili mapya, inchi moja chini ya yale ya zamani, yaani sentimeta 2.5, wakaufunga mkono wa juu hapo.

Ni hayo tu. Mkono uliokuwa umeelekea chini sasa walala karibu sawa, na gurudumu likipanda, kichwa chake huvutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Tairi la nje hubaki juu ya unyayo wake, na pua ya motokaa hufuata usukani. Kazi hii haitaki injini mpya wala vyuma vya bei kubwa, bali keekee, kipimo, na kichwa cha mtu aliyekaa kitako akafikiri. Hata hivyo kiwanda hakikuifanya kwa Mustang za kawaida, na Shelby mwenyewe aliiacha katika mwaka wa 1966 ili kupunguza gharama. Ndiyo maana motokaa ya rafiki yetu, miaka hii yote, bado ina matundu ya juu.

Wanafunzi, jaribuni wenyewe. Kateni vipande viwili vya katoni kuwa mikono, wa juu uwe mfupi kidogo, na kipande cha tatu kuwa gurudumu. Vibanzeni kwa pini juu ya ubao, mkono wa juu ukielekea chini kwa nje. Pandisheni gurudumu mkatazame lalala wapi. Kisha shusheni pini ya ndani ya mkono wa juu, mpandishe tena. Mtaelewa kwa dakika tano.

NJIA ZETU SI ZA MAREKANI

Lakini kijana wetu asikimbilie keekee leo. Motokaa hutengenezwa kwa ajili ya njia itakayopita. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yametufundisha hayo waziwazi. Mwaka 1964 Wamarekani walileta Mercury Comet, ndugu wa Falcon, zenye silinda 8 na nguvu nyingi. Hazikupata nafasi za mbele. Walioshinda ni Peter Hughes na Bill Young katika Ford Cortina ndogo. Katika Safari ya mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni motokaa saba tu zilizofika mwisho, na mara zote mbili aliyetangulia ni Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Wazee wetu waijua 404: si ya kutisha kwa nguvu, lakini resori zake ni laini, na magurudumu yake yana nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, hata yakaifuata ardhi bila kuiacha.

Kwa hiyo mtu akikushauri kuishusha motokaa mpaka iguse majani na kutia resori ngumu kama za mashindano, mwulize kwanza kama amepita katika mitaa yetu baada ya mvua za Januari. Gurudumu linalorukia juu ya shimo haliishiki njia, hata kama motokaa imelala vizuri kama meza.

MPANGO WA KAZI

Haya ndiyo niwezayo kumpa kijana na mjomba wake, kwa taratibu.

Kwanza, tazameni kilichochakaa. Inueni motokaa, muitegemeze juu ya vigingi imara vya chuma, si juu ya jeki peke yake wala juu ya matofali. Shikeni gurudumu juu na chini, mlitikise. Likicheza, rotuli au beringi zimekwisha. Lishikeni kulia na kushoto. Likicheza, viungo vya fimbo za usukani vimelegea. Bushi za mpira zilizokaa miaka mingi huwa zimekauka na kupasuka. Motokaa nyingi zidhaniwazo kuwa mbaya kwa asili ni chakavu tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, tazameni minara miwili ya bati inayopokea nguvu za resori kando ya injini. Hapo kutu na nyufa hupenda kujificha. Ford wenyewe walilijua jambo hili: Mustang zilizopelekwa nchi za nje, zenye njia mbaya, zilitiwa kiungo kizito cha kipande kimoja, kinachofunga minara yote miwili kwenye ukuta wa nyuma ya injini. GT350 nazo zilitiwa kiungo hicho. Ni chuma rahisi, nacho chafaa kwetu kuliko pambo lolote.

Tatu, tieni amotisa mpya zilizo nzuri, kisha nondo nene kiasi ya kuzuia mlalo, ile iunganishayo gurudumu la kushoto na la kulia. Nasema kiasi, kwa maana ikizidi unene, shimo alipigalo gurudumu moja husikika katika la pili, na pua huzidi kukataa kona.

Nne, ndipo ije inchi moja ya Arning. Matundu yapimwe kwa kigezo, kushoto sawa na kulia. Wala msishushe zaidi kwa tamaa. Ukipita kipimo, rotuli hufika mwisho wa mzunguko wake, ikakwama na kuvunjika.

Tano, nyosheni magurudumu kwa mashine ya kupimia. Vipimo vya kitabu cha mwaka 1966 viliandikwa kwa tairi za nyuzi za mshazari. Tairi za radiali za siku hizi hutaka mhimili wa gurudumu ulale nyuma zaidi, kama uma wa baiskeli, ili motokaa ishike mstari wenyewe. Usukani utakuwa mzito kidogo, lakini hautatangatanga.

Breki sizihesabu, kwa sababu haziwezi kungoja zamu. Nyingi za Mustang hizi zilitoka na breki za ngoma mbele. Breki za diski ni afadhali sana, na mwenye fedha kidogo azitie kabla ya kununua kitu chochote king'aacho.

ONYO KWA VIJANA

Resori ya mbele iliyobanwa ni kama upinde uliovutwa kabisa. Ikifyatuka hupasua uso, nayo yaweza kuua. Haibanwi kwa waya, wala kwa kamba, wala kwa vijana wawili kuikalia. Tumieni chombo chake hasa cha kubania, na mjomba awepo. Nyumba ngapi zina fundi asiye na kidole, ambaye siku ile alisema, "Ni dakika moja tu"?

KWA KUMALIZA

Rafiki yangu kijana, sikulaumu kwa kupenda nguvu. Sauti ya silinda 8 ni tamu masikioni. Lakini fikiri siku utakayoitwa kuwachukua maarusi mpaka Likasi, kilometa 120 hivi za njia, huku malori ya shaba yakikujia mfululizo. Nyuma yako ameketi binti wa watu, amevaa nguo ambayo mama yake ameilipia kwa miezi mingi. Mbele, lori moja lajaribu kulipita jingine. Wakati huo hutauliza injini ina nguvu ngapi. Utageuza usukani, na maisha ya watu wote waliomo yatategemea kama pua itakufuata au haitakufuata.

Basi nenda kwa mjomba wako leo jioni, umwambie, "Mjomba, tuanze na magoti." Yeye ana macho ya kujua palipolegea; wewe una mikono ya kuinua na kufungua. Kabureta ingoje. Mkiisha kazi, ipelekeni motokaa polepole katika kona mnayoijua, mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Usipousikia tena mlio wa tairi, na mjomba akinyamaza kando yako bila kushika mlango, hapo utajua kwamba fedha zenu hazikupotea.