Kijana Mgonjwa na Funguo za Duka



Ndugu wasomaji, mzee mmoja wa hapa Al-Baghdadiyah, mwenye duka la vitambaa huko Al-Balad, alitujia baada ya sala ya Ishaa akiwa na daftari mkononi. Tulidhani ataka tumsaidie hesabu. Hesabu alikuwa ameshaifanya, tena mara tatu. Kwa miezi kadhaa sanduku la fedha lilikuwa likipungua, naye akiliziba pengo kwa fedha zake mwenyewe ili mkewe, pamoja na nduguye aliye Mombasa, wasijue kwamba kijana wao, aliyeletwa huku "apate kutulia", amerudia unga.

Akatuuliza: "Nimrejeshe kwao, au nimkabidhi duka zima ili ajione mtu mzima?"

Swali hili si geni kwetu. Sisi tunaoandika safu hii tunaye jamaa aliyepewa duka kana kwamba duka ni dawa. Tulidhani jukumu litamzindua. Alichokipata ni fedha taslimu mkononi kila siku, asiwe na tajiri wa kumuuliza, na jamaa waliokwisha kuzoea kumsitiri. Duka halikumaliza mwaka. Lililotuuma zaidi ni kwamba sote tulikuwa tukijua, na kila mmoja alidhani anajua peke yake.

Aya ya 5 ya Suratun-Nisaa yatukataza kuwapa mali wasioweza kuitunza, mali ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia kuwa tegemeo la maisha yetu. Wengi huishia hapo, wakapata hoja ya kumfukuza mtu. Lakini aya hiyo hiyo yaamrisha walishwe na wavishwe kutokana na mali hiyo, na waambiwe maneno mema. Basi kijana na apokonywe funguo za sanduku, asipokonywe sahani yake. Chakula, mavazi na nauli ya kwendea matibabu zitoke dukani, ziandikwe daftarini waziwazi, na kila mshirika aone.

Ama kumrejesha, tunaiogopa safari ya haraka. Unga uliingia katika miji ya pwani yetu tangu miaka ya 1980, na Mombasa anakoijua kila njia siyo mahali pa kumtupa mtu ovyo. Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila unga, kwa kufungiwa chumbani au kwa kusafirishwa, mwili wake hupoteza ustahimilivu. Akirudia kipimo kile kile cha zamani, chaweza kumwua usiku huo huo. Tumezika vijana ambao jamaa zao walikuwa wakisema, "Alikuwa ameshaacha."

Akirudi, basi arudi kwenye matibabu yaliyokwisha kupangwa. Malindi kuna Omari Project, iliyoanza mwaka 1995. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Unguja hospitali ya Kidongo Chekundu ikaanza mwaka 2015. Methadoni ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto, na mtu akapata akili ya kufanya kazi. Wapo wanaoibeza kuwa ni ulevi badala ya ulevi. Sisi hatukubaliani nao.

Na huku pia tiba ipo. Hospitali za Al-Amal, zilizofunguliwa Riyadh, Jeddah na Dammam katika miaka ya 1980, ndizo zilizowekwa kwa ajili ya maradhi haya. Siku hizi Riyadh na Jeddah zajulikana kwa jina la Irada. Sheria ya kupambana na dawa za kulevya ya mwaka 2005, kifungu cha 42, yasema asishitakiwe kwa kutumia yule aliyejitokeza mwenyewe kutaka tiba, au aliyeombewa na mzazi, mtoto, mwenzi wa ndoa au jamaa yake, na akasalimisha alichonacho. Zingatieni: ni kujitokeza. Aliyekamatwa kwanza hayumo katika kifungu hiki, na kwa mgeni mwenye iqama, kungoja ni kuhatarisha mengi.

Tulipokuwa tukizungumza tulimtazama mzee mwenyewe. Amekonda. Alisema halali ila saa mbili, kwamba chakula hakina ladha, na kwamba mara nyingine huingia stoo nyuma ya majora akalia, kisha akatoka kumhudumia mteja. Tukamwambia kuwa huenda hiyo ni sonona, nayo ni maradhi. Asomewe ruqya, ni kheri, na kesho yake aende kwa daktari. Alicheka kidogo: "Mimi tena?"

Tulikubaliana mambo mawili tu usiku ule. Funguo za sanduku atazishika binti yake mkubwa. Na Ijumaa atampigia simu nduguye wa Mombasa, amweleze yote, pamoja na zile fedha alizokuwa akizilipa kwa siri. Alituomba tuwe naye wakati wa kupiga simu hiyo. Tutakuwapo, inshallah.