Presha Si Ya Wazee Tu, Tufungulieni Kiwanja

Muhula uliopita lilisimikwa hema mbele ya maktaba, watu wakapimwa presha bure. Nilikwenda kwa sababu foleni ilikuwa fupi na maji ya kunywa yalikuwa ya bure. Nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, akaangalia namba, akasema, "Kaa kidogo, mwanangu, nitakupima tena." Mara ya pili ikasoma 146 kwa 92. Nina miaka 23. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwetu presha ni ya mama wakubwa na mabosi. Baba yangu mdogo alipata kiharusi akiwa na miaka 44, na hata yeye tulisema ni mawazo. Lakini hebu tujitazame wenyewe: kutwa tumekaa kwenye vimbweta, usiku tunadesa, katikati chipsi mayai iliyomwagiwa chumvi kama mvua. Safari yetu ndefu ni ya kutoka hosteli hadi darasani, na bumu likitoka hata hiyo tunapanda bajaji.

Nitaambiwa, "Si mkacheze mpira?" Mpira naupenda, ila tuwe wakweli. Uwanja mmoja, wachezaji 22, nao ni walewale wa timu ya kitivo. Sisi wengine, na dada zetu karibu wote, tunakaa pembeni kupiga makofi. Kupiga makofi hakumsaidii mtu moyo. Jimu ya jirani nayo ni pesa, na mimi kukimbia juu ya mashine huku nikitazama ukuta sikuwezi.

Kilichonitoa chumbani ni pikoboli. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka Marekani na vibao viwili na mipira ya plastiki yenye matundu. Mchezo wenyewe ulianzia huko mwaka 1965, kisiwani Bainbridge, jimbo la Washington. Joel Pritchard na Bill Bell walikuwa na kiwanja cha mpira wa vinyoya bila vifaa kamili, wakachukua vibao vya tenisi ya mezani na mpira wa matundu ili watoto wasichoke likizo. Baadaye rafiki yao Barney McCallum akachonga vibao vya mbao. Nasi fundi seremala katuchongea sita.

Kiwanja chake ni mita 13.4 kwa 6.1, sawasawa na cha mpira wa vinyoya cha watu wanne. Mpira hauendi kasi sana, kwa hiyo asiyewahi kushika raketi anacheza siku hiyohiyo. Lakini usidanganyike. Unachomoka hatua tatu, unasimama, unarudi, unainama; dakika kumi tu jasho linachuruzika. Moyo nao ni msuli. Ukiufanyisha kazi hivyo mara kwa mara, unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa inalegea, na hata ukipumzika mapigo yanapungua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jioni tatu za saa moja, umeshavuka.

Kuna utafiti wa Copenhagen uliotolewa mwaka 2018, uliofuatilia watu zaidi ya 8,000 kwa takriban miaka 25. Wacheza tenisi walionekana kuishi karibu miaka 10 zaidi ya wasiofanya mazoezi, wa mpira wa vinyoya miaka 6, wakimbiaji miaka 3. Pikoboli haikuwamo, na huenda wacheza tenisi wa kule wana pesa kuliko wengine, kwa hiyo sizimezi hizo namba nzima nzima. Ninachoamini ni hiki: mchezo unaohitaji mwenzako wa kukupigia mpira ni vigumu kuukacha. Wakija kukugongea mlango, utatoka tu.

Sasa malalamiko yangu. Chuo kina kiwanja cha tenisi chenye uzio na kufuli. Tangu mwaka wa kwanza sijaona mtu akicheza mle ila mbuzi, na mbuzi huyo sijui alipitia wapi. Ada ya michezo tunalipa kila mwaka. Eneo lile linatosha viwanja vinne vya pikoboli, yaani watu 16 kwa mpigo. Uongozi wa wanafunzi uombe ufunguo, saa 11 jioni hadi saa 1, siku tatu kwa wiki. Chaki tutanunua wenyewe.

Wiki iliyopita nilipimwa: 132 kwa 84. Siwezi kuapa ni mchezo peke yake, chipsi nazo nimepunguza, na daktari kaniambia niendelee kurudi kliniki. Kwa sasa tunachezea nyuma ya bwalo, Jumanne na Alhamisi. Njoo na raba. Ndala tumezipiga marufuku tangu mtu ateguke kifundo cha mguu.