Punje ya Haradali na Jeneza la Naini

Mahubiri juu ya dini ya Ubuddha yamekuwa mepesi mno makanisani mwetu. Mhubiri akiitaja, husema maneno mawili tu: wanaabudu sanamu, na wakikaa kimya wanaita mapepo. Usharika unaitikia "Amina", tunaendelea na matoleo. Upande wa pili wako ndugu zetu, wengi wao vijana wasomi, ambao wameweka programu za kutafakari kwenye simu zao. Hao husema: hakuna shida, mchungaji, ni kupumua tu, hamna dini ndani yake. Naandika kuwapinga wote wawili, kwa kuwa hakuna kati yao aliyemsikiliza Buddha mwenyewe. Amri ya nane, kama Luther anavyoieleza katika Katekisimu Ndogo, inatudai tumtetee jirani na kumnenea mema. Sioni mahali ilipomtoa jirani aliye Mbuddha.

Basi tumsikilize kwanza. Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, katika nchi iitwayo leo Nepali, karne kadhaa kabla ya Kristo. Mapokeo yanasema alilelewa katika anasa, kisha akaona mzee, mgonjwa na maiti, na tangu hapo anasa haikumkalia vizuri. Akaacha nyumba, mke na mtoto mchanga. Baada ya miaka ya kujitesa bila faida, aliketi chini ya mti huko Bodh Gaya akapata kile ambacho wafuasi wake hukiita kuamka. Mahubiri yake ya kwanza, pale Sarnath, yalikuwa na kweli nne. Maisha yana dukkha, neno la Kipali ambalo hutafsiriwa "mateso" lakini ni pana zaidi: hata furaha ina ufa, maana itapita. Chanzo chake ni kiu, yaani kule kung'ang'ania yasiyoshikika. Kiu ikizimwa, mateso nayo huzimika, na nirvana maana yake ni huko kuzimika, kama moto uliokosa kuni. Nne, iko njia ya kufika huko, yenye sehemu nane.

Sanamu ziko wapi hapo? Buddha hakudai kuwa Mungu, wala hakumhubiri Muumba. Sanamu zake zilianza kuchongwa karne kadhaa baadaye. Mhubiri anayepigia kelele sanamu anagombana mlangoni pa nyumba ambayo mwenyewe hayumo.

Sasa wale wa "kupumua tu". Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn, katika chuo kikuu cha tiba cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Alichukua mazoezi ya Wabuddha, akaacha lugha yao ya dini. Programu nyingi za simu za leo ni wajukuu wa kazi hiyo. Sisemi kwamba mgonjwa aliyetulia kwa kuhesabu pumzi zake ametenda dhambi. Pumzi yenyewe ni kipawa cha Mungu. Ninachokataa ni kusema kwamba zoezi hili halina fundisho. Katika ile njia ya sehemu nane, uangalifu wa namna hii ni sehemu ya saba, nayo imefungamana na zile nyingine. Katika Satipatthana Sutta, hotuba mashuhuri juu ya jambo hili, mtawa huanza na pumzi, lakini haishii hapo. Hupelekwa kuutazama mwili wake kiungo kwa kiungo, kisha kuiwazia maiti iliyotupwa, jinsi inavyovimba na kuoza mpaka mifupa iwe unga, akijua kwamba mwili wake nao u njiani kwenda huko.

Lengo ni nini? Aone kwamba kila kitu hupita, na kwamba ndani ya kupita huko hamna "mimi" wa kudumu. Fundisho hili huitwa anatta. Tunachokiita mtu ni mkusanyiko wa mambo matano: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia, na ufahamu. Mtawa Nagasena, akizungumza na mfalme Milinda, alilinganisha jambo hilo na gari la kukokotwa: magurudumu si gari, mhimili si gari, basi gari ni jina tu la vitu vilivyokutana. Mwambie Mbuddha anayeijua dini yake kwamba haya ni mazoezi ya kupumua tu. Atakuona umeingia jikoni kwake ukabeba sufuria na kumwaga chakula.

Hapa ndipo penye mabishano ya kweli kati yetu nao, na ni mazito kuliko mambo ya sanamu.

Wabuddha wanasimulia habari za mama mmoja, Kisa Gotami. Mtoto wake mdogo alikufa, naye akambeba huku na huku akiomba dawa. Alipofika kwa Buddha, aliambiwa alete haradali kutoka nyumba ambayo hajafa mtu. Akazunguka mji. Haradali ilikuwapo kila nyumba, ila kila nyumba ilikuwa na marehemu wake. Jioni alielewa, akamwacha mtoto mahali pa maiti, akarudi kuwa mtawa. Ni simulizi yenye huruma. Mwanamke yule hakukemewa. Alipelekwa kwa wenziwe waliofiwa, akapona wazimu wa huzuni.

Katika Luka sura ya 7 yuko mama mwingine, mjane wa Naini, naye anamsindikiza mwanawe wa pekee kaburini. Yesu hamtumi popote. Anamwonea huruma, anasogea, analigusa jeneza, na kijana anarudishwa kwa mama yake. Luka anataja hasa hilo la kurudishwa kwa mama.

Tazama tofauti. Kwa Buddha, jeraha la Kisa Gotami ni kung'ang'ania kwake, na tiba ni kuachilia. Kwa Yesu, mama hana ugonjwa wa kupenda kupita kiasi. Aliye na kosa pale ni mauti. Paulo anaiita adui wa mwisho, na adui hatuzoeani naye.

Mbuddha atanijibu, na jibu lake lina uzito: sisi hatufundishi moyo mkavu. Ni kweli. Mafundisho yao juu ya upendo mwema, metta, huchukua mfano wa mama anayemlinda mwanawe wa pekee kwa uhai wake, na kutaka moyo huo uenezwe kwa viumbe vyote. Ni fundisho zuri, na Wakristo wengi wangefaidika nalo. Lakini hueneza upendo sawasawa kwa wote, bila kumshika hata mmoja. Mchungaji wa Luka 15 huacha tisini na tisa kwa ajili ya mmoja. Mungu wa Isaya 43 huita kwa jina, na jina huitwa kwa mtu aliyepo. Kama mtu ni gari lililokusanyika kwa muda, huyo aliyebatizwa ni nani?

Tusijisifu haraka, hata hivyo, kwamba sisi peke yetu tunaijua neema. Huko Japani, Shinran, aliyefariki mwaka 1263, alifundisha kwamba mwanadamu hawezi kujiokoa kwa juhudi zake, bali hutegemea nadhiri ya Buddha Amida tu. Mjesuiti Valignano alipofika Japani mwaka 1579 na kuyasikia mafundisho hayo, alilalamika kwamba yanafanana na uzushi wa Luther! Mimi Mlutheri hucheka kila nikifikia hapo. Ila masimulizi ya Amida ni ya enzi zisizo na tarehe, na Imani ya Mitume inamtaja Pontio Pilato, liwali wa Kirumi. Neema yetu ina mwili uliopigwa misumari, na mwili huo huo ulifufuka na makovu yake.

Ndiyo maana yananiudhi mambo yanayosemwa misibani kwetu. Mama analia kando ya jeneza, na mzee wa kanisa anamwambia anyamaze, kifo ni cha wote, ajikaze. Hiyo ni haradali ya Kisa Gotami bila huruma ya Buddha. Yeye angalau alimwacha mama atembee nyumba kwa nyumba hadi jioni. Yesu naye alimwambia mjane asilie, lakini dakika ile ile mkono wake ulikwenda kwenye jeneza. Mzee wetu mikono yake iko mfukoni.