MSICHANA WA OLBALBAL HANA MSIMU

Kila ufikapo mwezi wa Mei, kurasa za michezo za magazeti ya Uingereza hujaa hesabu. Mabinti wao wa mbio za uwanjani huhesabiwa mmoja mmoja: nani aliumia msuli wakati wa baridi, nani amebadili mwalimu, nani aliyekimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 1 mwaka uliopita na sasa anatazamiwa kushuka chini ya dakika 2. Hiyo si kazi ya kupiga ramli. Kila binti anayetajwa huwa na orodha ya mbio zake tangu utotoni, iliyoandikwa na klabu yake, na kila mbio ina tarehe, mahali na muda.

Keely Hodgkinson ni mfano wa kutosha. Alikuwa na umri wa miaka 19 alipochukua medali ya fedha ya mita 800 mjini Tokyo mwezi wa Agosti 2021, kwa dakika 1 na sekunde 55.88, akaivunja rekodi ya taifa ambayo Kelly Holmes aliiweka tangu 1995. Miaka mitatu baadaye, mjini Paris, alichukua dhahabu. Waliomjua tangu alipokuwa mtoto katika klabu ya Leigh hawakushangaa, kwa kuwa walikuwa wakimwandika daftarini. Kabla wino wake haujakauka, aliibuka mwanafunzi wa shule, Phoebe Gill, ambaye mwezi wa Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 17, alikimbia masafa hayo hayo mjini Belfast kwa dakika 1 na sekunde 57.86. Msimu ule ule akawa bingwa wa taifa lake na akafika nusu fainali ya Olimpiki.

Tunayataja hayo si kwa kuwahusudu Waingereza. Tunayataja kwa sababu tumeulizwa mara nyingi, na wasomaji na hata na baadhi ya viongozi, wasichana wetu wana matumaini gani ya msimu. Swali ni zuri, lakini limetangulia mbele ya jambo lenyewe. Mtu huulizwa matumaini ya msimu akiwa na msimu.

Tutazame Olbalbal. Msomaji wa Visiwani ambaye hajafika huko ajue kwamba Olbalbal ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, na ni jina pia la bonde kavu ambamo maji ya Korongo la Oldupai huishia. Ni nchi ya ufugaji iliyo ndani ya eneo la hifadhi. Ukivuka nyanda za juu za kreta na kushuka upande wa kusini-mashariki unaingia Karatu, mahali alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953, ambaye mwaka 1974 huko Christchurch aliushangaza ulimwengu kwa kukimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mjadala wa makazi ya wananchi wa Ngorongoro ni mkubwa na unastahili ukurasa wake. Leo tunazungumza habari ya mbio tu.

Wapo wanaosema kuwa msichana wa Olbalbal ni mkimbiaji tayari, eti kwa sababu anatembea masafa marefu kwenda shule na kufuata maji. Maneno haya tumeyasikia katika hotuba nyingi, na lazima tukiri kuwa sisi wenyewe tumewahi kuyaandika. Tumeyachunguza upya tukaona yana dhara. Mwendo wa njaa na ndoo kichwani haumfundishi mtu kukimbia mita 800. Humchosha. Mita 800 ni mbio zinazotaka kasi, pumzi na akili ya kujua lini ufuate na lini upite, na akili hiyo haipatikani ila kwa kushindana mara kwa mara. Anayeisifu tabu ya mtoto na kuiita kipaji anajipa ruhusa ya kutomfanyia chochote.

Sasa mtazameni msichana huyo katika mwaka wake. Shule yake ikiwa na mwalimu anayependa riadha, atakimbia katika mashindano ya shule, kisha ya kata. Akishinda ataingia timu ya wilaya, na Mungu akimjaalia atavaa jezi ya mkoa katika UMITASHUMTA, au akiwa sekondari, katika UMISSETA. Yote hayo huisha katikati ya mwaka, ndani ya majuma machache. Huenda amekimbia mbio zenye ushindani wa kweli mara tatu au nne. Akirudi nyumbani hakuna anayemngoja na saa mkononi, wala siku iliyopangwa ambayo atakimbia tena. Jambo linalotuudhi zaidi ni kwamba mara nyingi ngazi za chini huandikwa nafasi tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Muda hauandikwi. Basi hata akiwapo huko Olbalbal binti mwenye uwezo wa kufika alikofika yule wa Belfast, hakuna karatasi itakayotuambia.

Jirani zetu wa Kenya wametuacha hapa, si kwa miguu bali kwa kalenda. Faith Kipyegon alikimbia peku alipokuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa vijana mwaka 2011. Viatu hakuwa navyo, mashindano alikuwa nayo. Chama cha riadha cha nchi hiyo huendesha mashindano ya mwisho wa wiki yanayozunguka sehemu mbalimbali, na msichana wa shule hukutana uwanjani na askari na mabingwa. Mwezi wa Julai 2025 Kipyegon alishusha rekodi ya dunia ya mita 1,500 hadi dakika 3 na sekunde 48.68.

Huenda tukaambiwa kwamba nasi tunashinda. Ni kweli, na tunajivunia. Septemba 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Septemba 2025 Alphonce Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, akimtangulia Mjerumani kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini angalieni vizuri: hizo zote ni mbio za barabarani. Barabara haihitaji uwanja wala njia nane zilizochorwa, na ina zawadi ya fedha papo hapo. Kwa hiyo kijana wetu akihisi ana miguu hukimbilia nusu marathoni, na wasichana wa shule nao hufuata, kabla mifupa yao haijakomaa na kabla hawajapata kasi ambayo hujengwa katika umri huo tu. Shauri na Simbu ni watu wazima walioimarika. Mtoto wa miaka 16 anayepelekwa kilomita 21 kwa ajili ya bahasha hukatwa mti ungali mche.

Programu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow, 23 Julai hadi 2 Agosti 2026, inatuonyesha hatari ya kutegemea mlango mmoja. Riadha yake ni ya uwanjani, marathoni haimo. Silaha yetu kubwa imebaki ghalani. Badala ya mita 1,500 zimerudishwa mbio za maili, na maili ni mbio ambazo kijana wa Karatu, Bayi huyo huyo, alizivunjia rekodi ya dunia mjini Kingston, Jamaika, mwezi wa Mei 1975. Iwapo mbio zake zimerudi na sisi hatuna binti wa kuzipeleka huko, lawama si ya Glasgow.

Wala asiseme mtu kwamba uwanja haukupata kuwa wa wanawake wetu. Theresia Dismas alileta medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Brazzaville mwaka 1965. Mwaka 1980 akina Mwinga Mwanjala, Nzaeli Kyomo na Mosi Ali walikwenda Olimpiki ya Moscow. Zakia Mrisho wa Singida, mwaka 2005, alikuwa wa sita duniani katika mita 5,000 mjini Helsinki, na wiki chache baadaye akawashinda wote katika mita 3,000 kwenye fainali ya mwaka mjini Monaco. Baada yake palitulia. Mwezi wa Novemba 2017 yalianzishwa Dar es Salaam mashindano ya wanawake watupu, yaliyopewa jina la Ladies First, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani na kwa juhudi za Kanali Juma Ikangaa. Wasichana walitoka mikoani, wengine kwa mara ya kwanza wakaona uwanja wa tatani. Lilikuwa jambo jema kabisa. Ila tunauliza kwa adabu: kwa nini wazo la kuwakusanya binti zetu wakimbie lilingoja msaada wa Wajapani?

Sisi wa Visiwani tusijitoe katika lawama hii. Katika Olimpiki na Jumuiya ya Madola tunavaa jezi moja na ndugu zetu wa Bara, na udhaifu wa Olbalbal ni udhaifu wa Makunduchi na Wete. Amaan upo, Gombani upo, na bado msichana wa skuli Unguja au Pemba akimaliza mashindano ya skuli hurudi nyumbani akakaa. Wazazi wengine huzuia kwa ajili ya stara. Hatuwadharau, na jambo lao lina jibu. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda mita 200 katika Michezo ya Asia ya 2006 akiwa amejifunika kichwa, na Sifan Hassan aliipokea dhahabu yake ya marathoni ya Paris 2024 akiwa amevaa hijabu. Tuliokaa chuoni tunakumbuka pia hadithi ya Bibi Aisha na Mtume kushindana mbio, ambapo mara ya kwanza Bibi Aisha ndiye aliyetangulia. Anayetaka stara anaweza kuipata uwanjani. Kinachokosekana ni siku ya kukimbia na mwalimu mwanamke wa kusimamia.

Mwalimu mwanamke si jambo la pambo. Oktoba 2021 Agnes Tirop wa Kenya aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake watupu. Binti anapoanza kuleta fedha, huzungukwa na watu ambao hawakuwapo alipokuwa akikimbia bure. Asiyekuwa na chama cha kumlinda, wala mtu mzima wa kumwendea, yumo hatarini. Na huku kwetu ipo hatari iliyo kimya zaidi: msichana aliyekuwa wa kwanza mkoani akiwa na umri wa miaka 14 hutafutwa mwaka unaofuata, ikajibiwa kwamba ameolewa. Mahakama ya Rufani ilikwisha sema neno lake kuhusu ndoa za wasichana walio chini ya miaka 18, mwezi wa Oktoba 2019. Afisa anayetaka timu ya riadha ya wasichana ajue kuwa hukumu ile ni sehemu ya kazi yake.

Hapa tunaomba ruhusa ya kusema kidogo nje ya njia. Yupo binti mwingine wa Kiingereza, Innes FitzGerald, hodari wa mbio za nyika, ambaye alikataa kusafiri kwenda Bathurst, Australia, kwa mashindano ya dunia ya mwaka 2023, kwa kuwa hakutaka kupanda ndege na kuongeza uchafuzi wa hali ya hewa. Tunaiheshimu imani yake. Lakini tuliposoma habari hiyo tuliwakumbuka wasichana wetu ambao hawajawahi kupewa tiketi ya basi kutoka wilayani, wakapata nafasi ya kuikataa.

Tunachotaka kwa viongozi hakihitaji kungoja uwanja mpya. Zimetengwa fedha nyingi za viwanja vya mpira kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, nasi hatuna ugomvi na mpira. Riadha ya wasichana inaweza kuanza na majani yaliyofyekwa, chokaa, kamba ya kupimia na saa mbili zinazokwenda sawa. Mkoa wa Arusha uweke siku moja ya mbio kila mwezi, kuanzia Februari hadi Oktoba, mwezi huu Karatu, mwezi ujao Loliondo, na gari la wilaya liwafuate watoto wa Olbalbal na Endulen badala ya wao kulifuata. Unguja na Pemba zifanye hivyo hivyo. Walio chini ya miaka 18 wasiandikishwe nusu marathoni. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, ni ya kwanza ya Olimpiki katika ardhi ya Afrika, na umri wake ni umri hasa wa wasichana hawa. Nchi isiyokuwa na daftari la muda huchagua timu ya namna hiyo kwa kukumbuka nani alisifiwa na nani.

Nasi tulio katika Chama tunajua sana kwenda uwanja wa ndege kumpokea aliyeshinda. Picha hupigwa, maua hutolewa, na kila mmoja husimama karibu na medali. Tungependa kuwaona viongozi hao hao Jumamosi asubuhi katika uwanja wa shule, vumbi likiwapanda, wakiangalia mchujo wa mita 800 wa wasichana ambao bado hawana jina.

Mafisa michezo wa wilaya wanasoma gazeti hili. Tunawaomba watuletee majina, umri na muda wa wasichana watano bora wa mita 800 na mita 1,500 katika kila wilaya, pamoja na siku na mahali walipopimwa. Orodha ikitufikia, tutaichapa ukurasa huu huu, na wilaya isiyoleta tutaacha nafasi yake wazi.