Shawa ya instanti: kabla hujalipa, hesabu mitungi ya maji

Upepo wa kusi ukishakolea, Juni hivi mpaka Agosti, maji ya tangi la juu ya nyumba hugeuka adui. Mwenye kuamka saa kumi na nusu alfajiri awahi kuvuka Feri kwenda kazini Likoni hujimwagia kata ya kwanza huku akipiga bismillahi kwa sauti. Mshahara ukiingia anapita duka la hadwea, anaona shawa ya instanti, ile inayochemsha maji hapo hapo yanapopita, bei yake elfu chache tu. Anatoa simu alipe.

Hapo ndipo tungependa kumshika mkono kidogo. Sisi ni kampuni ya malipo, na kila ukilipa kupitia kwetu ni biashara. Lakini mteja aliyelipa kitu kisha kikamla kila mwezi hatufaidishi sana. Huishia kukopa kwenye simu ili anunue tokeni, na tunajua mambo ya hiyo mikopo yanavyokwenda.

Maoni yetu ni haya: kwa nyumba nyingi za kisiwani, hasa Mji wa Kale na vile vyumba vya kupanga vya karibu na Feri, instanti si kitu cha kukimbilia. Na sababu kubwa si bei ya shawa yenyewe, wala si umeme kama wengi wanavyodhani. Ni maji.

Hebu tufanye hesabu. Shawa nyingi za instanti zinazouzwa hapa ni za wati 5,500 hivi. Ukioga dakika tano ikiwa imewashwa yote, unatumia karibu nusu yuniti ya umeme. Tuchukue shilingi 30 kwa yuniti, pamoja na kodi na zile tozo zote za juu yake, ili hesabu iwe rahisi. Hiyo ni kama shilingi 14. Si mbaya, sivyo? Chai na mahamri inashinda hiyo.

Sasa angalia maji. Maji yetu Mombasa si baridi kama ya Limuru. Tanginii yako kwenye nyuzi 26 au 27, na mtu huoga vizuri kwenye 38. Kwa kuwa kazi ya kuyapasha ni ndogo, shawa inaweza kuyaachia mengi na bado yakawa moto: lita saba hivi kwa dakika. Dakika tano, lita 35. Karibu mitungi miwili ya lita 20, imeshaingia shimoni kabla hujamaliza kujisugua mgongo.

Ukiwa unanunua kwa mwenye mkokoteni, na tuseme amekuuzia mtungi shilingi 20 (siku za uhaba unajua mwenyewe anapandisha mpaka wapi), hizo ni shilingi 35 za maji. Yaani maji yamekula zaidi ya mara mbili ya umeme. Jumla ni shilingi 49 kwa mtu mmoja kuoga mara moja.

Halafu chukua ndoo. Chemsha lita tatu kwa birika la umeme, mara mbili kwa birika la kawaida, mimina kwenye lita 17 za tangi. Unapata ndoo nzima ya nyuzi 38, sawasawa na ile shawa. Umeme ni kama robo yuniti, shilingi nane. Maji shilingi 20. Jumla 28. Kwa nyumba ya watu watano wanaooga mara moja kwa siku, tofauti ni zaidi ya shilingi 3,100 kwa mwezi. Na hapo tumempa kila mtu ndoo nzima. Wengi wetu nusu ndoo yatosha na mengine tunaosha choo.

Kuna mtu atasema, mimi maji yangu ni ya mferejini, sinunui mitungi. Sawa, wewe hesabu yako ni nyingine. Lakini mferejini huko yanatoka lini? Maji ya mji huu yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, kote nje ya kaunti yetu, na mwenye kukaa Kibokoni au Makadara hahitaji sisi tumweleze siku ngapi za wiki mfereji hutoa pumzi tupu. Siku hizo shawa nzuri ya elfu tano haina tofauti na pambo la ukutani. Ndoo haikuangushi.

Umeme nao una mtego wake, ingawa si ule watu wanaouogopa. Kenya Power hupanga wateja wa nyumbani kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: mpaka yuniti 30 bei ya chini, kutoka hapo mpaka 100 bei ya katikati, zaidi ya 100 bei ya juu. Familia ile ile ya watu watano, dakika tano kila mmoja, itaongeza yuniti 69 kwa mwezi. Kama mlikuwa mkitumia 60, mmefika 129. Mmevuka mstari, na bei mpya haiji kwa zile yuniti za shawa peke yake, inakuja hata kwa friji, feni na taa. Ndiyo maana kuna watu wanaosema ati mita imeanza kukimbia. Mita haijakimbia, mmebadilishwa daraja.

Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua jumbe zako za tokeni za miezi mitatu iliyopita. Usikadirie kichwani. Kila ujumbe unaonyesha yuniti ulizopata. Zijumlishe, gawanya kwa tatu, kisha ongeza yuniti 14 kwa kila mtu atakayeoga maji moto kila siku. Ukiona unavuka 100, jua unalipia zaidi ya shawa.

Kwa vyumba vya kupanga, tafadhali tusikizane. Nyumba nyingi zina mita moja na wapangaji watano au sita wanaochangia tokeni kwa vichwa. Mmoja akiweka instanti, wengine wanamlipia joto lake. Tumesikia ugomvi wa namna hiyo ukifika kwa mzee wa mtaa. Kama huna mita yako ndogo ya kujitegemea, usiiweke, au keti na wenzako kwanza mkubaliane.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo si la pesa. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 23. Soketi ya kawaida ukutani ni ya ampea 13. Nyumba za zamani za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe na waya zilizoungwa juu ya waya na kila mpangaji aliyepita, hazikutayarishiwa mzigo huo. Inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye boksi, breka yake peke yake, waya wa athi unaoingia ardhini kweli kweli, na swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja. Fundi awe na leseni ya EPRA, na umwambie akuonyeshe. Fundi anayekwambia "athi si lazima" mpe nauli arudi kwao.

Tena kuna chumvi. Visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi, na maji hayo hula koili ya shawa ya kawaida haraka. Koili ikiwa wazi kwenye maji ya chumvi, umeme hupata njia, na wewe uko chini yake umelowa. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa; bei yake ni ya juu kidogo. Kama maji yako ni ya kisima, ni hiyo au usinunue kabisa. Hapa hatuna maoni mawili. Na usije ukafikiri ile ya gesi ndiyo njia ya mkato. Ikifungwa ndani ya bafu lisilo na dirisha, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa nayo wakioga.

Hatusemi hakuna anayefaa kununua. Nyumba yenye hita kubwa ya tangi inayoachwa imewashwa kutwa, ikibadilisha kuja instanti itaokoa, kwa sababu tangi lile hupoteza joto hata usipooga. Mzee mwenye magoti mabovu asiyeweza kuinua ndoo, huyo mnunulie, tena bila kumhesabia dakika. Fleti mpya ya Ganjoni yenye waya mzuri na tangi la juu lisilokauka, watu wawili tu ndani, haya, jifurahisheni.

Ila kuna wanaotuambia wanainunua kwa ajili ya mzazi, wiki ijayo dada yake anajifungua. Huyo tunamwambia angoje. Kumkanda mzazi siku zake arobaini ni maji moto ya kuchovya kitambaa, na shawa hiyo haitoi maji ya moto kiasi hicho. Bibi atakuja na sufuria lake kama kawaida, na shawa itamtazama.

Ukiamua kununua, lipa kwa mafungu. Vifaa vinunue mwenyewe kwa till ya duka, soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka pini, na uhifadhi ujumbe pamoja na risiti, kwa sababu waranti bila risiti ni hadithi. Fundi mpe kidogo ya kuanzia, zilizobaki baada ya kuwasha na kuzima mara kadhaa na wewe umesimama hapo. Na hizo shawa za nusu bei za kwenye mitandao, "tuma nauli ya rider kwanza kwa namba hii", hata kama picha imepigwa mbele ya Fort Jesus, usitume. Pesa ikishatolewa upande wa pili, hata sisi mikono yetu haifiki.

Na kama bado hujaamua, jaribu mwezi mmoja wa birika na ndoo. Andika mitungi mliyonunua na tokeni mlizolipa. Agosti itakuwa inaisha, na huenda baridi yenyewe imekwenda zake.