Fuliza ya Usingizi

Alhamisi moja mwaka jana nilikunywa kahawa ya kwanza saa kumi alfajiri nikiwa bado Nairobi. Ya pili niliinywa Machakos. Ya tatu Kitui mjini, kabla ya mkutano. Ya nne Mutomo, kwa sababu mteja alichelewa na kibanda kilikuwa na kivuli. Ya tano niliinunua Kibwezi saa kumi na mbili jioni, kwa stesheni ya petroli, kikombe cha karatasi, sukari vijiko vitatu. Halafu nikashika barabara ya Mombasa kurudi nyumbani.

Nakumbuka taa za Emali. Sultan Hamud siikumbuki hata kidogo. Gari lilipita mji mzima na mimi sikuwepo. Kilichonizindua ni honi ya trela karibu na Salama, tairi zangu mbili zikiwa upande wake wa barabara.

Kesho yake ofisini niliisimulia kama stori ya kuchekesha, na watu wakacheka. Mmoja akanishauri nitie sacheti mbili kwa kikombe badala ya moja. Bosi akasema, "Wewe ni mashine." Na nakiri, nilifurahi kuitwa mashine. Nilikaa na hilo sifa wiki nzima kabla halijaanza kuninukia.

Sina ugomvi na kahawa. Ugomvi wangu ni na kazi tuliyoipa. Tumeifanya ilipe gharama ambayo waajiri wetu hawataki kulipa, yaani usiku mmoja wa kulala.

Sisi tunaouza pampu za sola, dawa za mifugo, bima na simu za mkopo tunaijua Ukambani kwa kilomita. Na balaa la Kitui na Makueni ni kwamba ziko karibu. Ukitumwa Turkana, hakuna bosi atakayekuuliza mbona umelala huko. Lakini Kitui? "Si hapo tu! Enda urudi." Wote? "Hiyo ni nusu siku." Ni mbali vya kutosha kukumaliza, na ni karibu vya kutosha ofisi kukunyima pesa za kulala. Anayechora safari kwenye kompyuta anahesabu Nairobi hadi Kitui. Hahesabu Kitui hadi Mutomo, Mutomo hadi Ikutha, wala barabara ya vumbi ya kuingia kwa mkulima aliyeomba kuonyeshwa pampu. Hahesabu mkutano ulioitwa saa tatu ukaanza saa sita. Zile saa zinazokosekana kwenye hesabu yake ndizo tunazojaza kwa kahawa.

Na kahawa haijazi kitu. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unarundika kemikali inayoitwa adenosini, na hiyo ndiyo inayokuambia umechoka. Kafeini inachofanya ni kukalia viti vya adenosini ili ujumbe usifike. Uchovu bado upo, umesimama mlangoni unangoja. Kafeini ikitoka, unaingia wote kwa pamoja. Tena haitoki haraka. Baada ya saa tano hivi, nusu yake kwa kawaida bado iko mwilini. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni pale Kibwezi kilikuwa bado kinafanya kazi saa tano usiku, nikiwa kitandani nahesabu mabati. Kesho yake nikaamka nimechoka zaidi, nikachemsha maji.

Kila Mkenya mwenye simu anaijua hesabu hii. Ni Fuliza. Unakopa leo jioni, unajiona una pesa, na kesho ikiingia mia mbili inakatwa kabla hujaigusa. Tofauti ni kwamba Fuliza ina kikomo, na ukikifikia simu inakataa. Mwili haukuandikii meseji kwamba umefika kikomo. Unazima tu, na ukiwa na bahati kuna trela yenye honi.

Kuna kitu kingine kinachoniudhi. Makueni inalima kahawa. Panda vilima vya Mbooni au Kilungu utaiona kwenye mashamba ya watu. Lakini kahawa nyingi ya Kenya huuzwa nje, na sisi tunaopita chini ya vilima hivyo tunakunywa unga wa sacheti kwa maji ya thermosi, tumesimama, mlango wa gari wazi, injini inanguruma. Yaani hata raha yake hatuipati. Tunainywa kama dawa ya malaria.

Utaniambia sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa matatu, basi au lori asiendeshe zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Nzuri. Lakini mimi naendesha gari langu mwenyewe, kampuni inanirudishia mafuta. Sheria hiyo hainioni. Siku ile nilikuwa kwenye usukani saa nyingi kuliko dereva wa basi anavyoruhusiwa, na katikati nikauza pampu nne. Dereva wa lori akikutwa amesinzia tunamtukana kwenye mitandao, tunasema ni miraa. Mimi nikisinzia naitwa mashine. Tofauti yetu ni shati.

Utaniambia pia, "Nani amekulazimisha? Kazi hizi kuna mia wanazingoja nje." Hilo nalijua, na ndiyo sababu nimenyamaza miaka mitatu. Lakini tazama hoja hiyo inasema nini. Inasema kwa kuwa wako watu mia, mmoja akibaki barabarani atapatikana mwingine. Hakuna bosi atakayeitamka hivyo mdomoni. Anaitamka kwenye ratiba.

Lile linaloniaibisha zaidi liko Makindu. Pale kando ya barabara kuna hekalu la Masingasinga, lilianza na watu wa reli karibu miaka 100 iliyopita. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, anakaribishwa chakula na mahali pa kulala bila kudaiwa hata shilingi. Ukitaka kuacha sadaka, ni wewe. Jioni ile nililipita lango lao na kikombe mkononi kwa sababu ripoti ilitakiwa ofisini kabla ya saa nne usiku. Watu wasionijua walikuwa tayari kunipa kitanda bure. Watu ninaowaingizia pesa kila mwezi walikuwa wanataka ripoti. Na nilichagua ripoti.

Mwezi uliopita tuliandika barua, watu saba wa mauzo, tukaweka sahihi zote kwenye ukurasa mmoja ili asijulikane nani alianza. Tumeomba mambo matatu. Safari yoyote inayovuka Kitui mjini au Wote ilipiwe usiku mmoja. Saa za usukani zihesabiwe kama saa za kazi. Ripoti ingoje asubuhi. Hatukuomba mashine ya kahawa, ingawa ndiyo tuliyoahidiwa kwenye mkutano uliofuata. Ati ya kisasa, inatoa povu.

Jumanne ijayo nina Mutomo. Barua bado haijajibiwa. Nimempigia simu mama mwenye gesti pale sokoni, nikamuuliza bei. "Elfu moja mia mbili, mwanangu, na chai ya asubuhi iko ndani. Nikuwekee?"

Nimemwambia aniwekee. Risiti nitaileta ofisini Jumatano, mchana, nikiwa nimelala. Wakikataa kuilipa, ningependa waniandikie sababu.